Meza za Kioo za Sinema

Mama yangu alikuwa mpambaji wa maharusi. Watu wa Nguvumali walimjua kwa kazi hiyo kuliko walivyomjua kwa marehemu baba, aliyemtoa Pemba akiwa mwali akamleta Tanga, kisha akafa na kumwachia watoto wa kike wawili na nyumba iliyovuja upande wa jikoni. Mimi ndiye kitinda mimba. Dada alinizidi sana. Nilipoingia darasa la kwanza yeye alikuwa ameshamaliza la saba na anamsaidia mama kazi.

Kazi yenyewe ilitaka vitu vya namna mbili. Kulikuwa na vya kwetu: hina, liwa, udi, asumini, na singo ambayo mama aliitwanga mwenyewe kwa maua na karafuu alizoletewa na jamaa zake, akamsugulia bibi harusi mwili mzima mpaka ngozi yake inalainika na kunukia. Na kulikuwa na vya dukani: poda ya kopo jekundu, krimu ya uso ya kichupa cheupe kizito, mafuta ya nywele ya chupa ya kijani, shampuu yenye rangi ya asali, rangi ya mdomo. Mama alivitia vyote katika kapu moja la ukindu lenye mfuniko. Dada alikua akiliinamia kapu lile. Ungeweza kumfumba macho ukampa chupa mkononi, akakuambia ni ipi na imebaki kiasi gani.

Halafu vya dukani vikaanza kukosekana. Siwezi kusema vilikwisha lini, maana havikwisha kwa mpigo. Ilitangulia shampuu, ikafuata krimu, poda ikawa ya kuulizia kwa kunong'ona, na mwisho hata sabuni ya mche ya kufulia ikawa ya kupangia foleni kwenye duka la kaya, balozi wa nyumba kumi amesimama mlangoni anaangalia nani amerudi mara ya pili. Nguo tulizifulia majani ya mpapai. Mama hakukubali kutupa chupa tupu. Alizijaza mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe uani, akazirudisha kapuni, na siku ya harusi akayamimina kutoka kwenye chupa ile ile ya kijani ili bibi harusi aione na moyo wake utulie. Mabibi harusi walijua. Hakuna aliyesema.

Wakati huo sinema mjini ilikuwa bado inafanya kazi, na Jumapili mchana kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mama hakuwa mtu wa sinema, lakini alituruhusu mimi na dada twende maadamu tumeshadeki nyumba na kuchota maji. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi, kuukuu, zimeonyeshwa mpaka zimekwaruzika. Michirizi ilikuwa ikishuka juu ya pazia kama mvua hata pale ambapo ndani ya picha jua linawaka. Wanawake waliteremsha mabuibui mabegani, wakafungua karanga, wakalia. Walilia kwa sauti, kila mtu kwa lake, wakisingizia mateso ya yule mwanamke wa kwenye picha.

Dada hakulia. Alikuwa anangoja mahali ambapo mwanamke yule ataingia chumbani mwake na kukaa mbele ya meza ya kioo. Hapo alinishika mkono.

"Ile! Umeiona? Kushoto kwa kioo. Poda yetu ile."

"Utaijuaje, Dada? Imegeuzwa nyuma."

"Wameigeuza makusudi jina lisisomeke. Wewe tazama mfuniko. Mfuniko wenye mabega kama yale ni wa kopo letu tu."

Aliweza kutofautisha vitu vya kweli na vya kupangwa tu. Chupa nyingine alizidharau. Alisema hizo ni maji ya rangi, zimewekwa kupendezesha. Lakini akiona kichupa ambacho krimu yake imechotwa upande mmoja, au chupa ya mafuta iliyobaki nusu, alisema, "Hiyo ndiyo yenyewe. Kuna mtu anaitumia hiyo. Labda mchezaji mwenyewe ameitoa kwao." Na alifurahi siku nzima kwa ajili ya chupa ya mtu asiyemjua, katika nchi ambayo hataiona.

Ukumbi ukamzoea. Bibi mmoja mnene aliyekuwa akikaa nyuma yetu alikuwa akimgonga begani: "Mwanangu, na hiyo aliyojimwagia kichwani ni nini?" Dada alijibu kwa sauti ili na wengine wasikie: "Shampuu, bibi. Ile ya asali. Ilikuwepo hata hapa Usagara, kwenye duka la kona." Na ukumbi mzima ukaguna, kila mtu akikumbuka lile duka la kona lilivyokuwa kabla ya rafu zake kubaki na viberiti na chumvi.

Aliyekuwa akimsikia zaidi alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Fundi wa mashine alikuwa kijana wa Pongwe, mama yake Mdigo, baba yake alikwishafariki. Siku moja tulipokuwa tunatoka tulimkuta amesimama chini ya ngazi, anafuta mikono yake kwa kitambaa ingawa mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Wewe ndiye unayezitaja chupa?" alimwuliza dada, macho chini.

"Tunakupigia kelele?"

"Hapana. Picha hii nimeionyesha sijui mara ngapi, sikuwahi kuona chupa hata moja. Sasa naziangalia chupa mpaka nachelewa kubadilisha mkanda."

Dada alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile, kicheko cha pumzi tu, bila sauti.

Filamu zile zilikuwa zikikatika mara kwa mara, na fundi alipoziunga ilimbidi akate pale palipoungua. Jumapili iliyofuata alimpa dada kipande cha ukanda, kifupi kama kidole. Tulikiinua juani tukiwa njiani kurudi. Ndani yake, picha moja juu ya nyingine, kulikuwa na meza ya kioo, na juu ya meza kopo, na chupa ya kijani iliyo ndogo kama punje ya mchele. Dada alikitazama mpaka machozi yakamtoka kwa ajili ya mwanga.

Posa ilikuja baada ya miezi michache. Mama yake fundi alifika na mjomba wake, wakakaa ukumbini, wakasema kwa adabu zote, na mama akakubali. Kijana alikuwa na dini na alikuwa na kazi. Mahari haikuleta taabu. Taabu ilikuja kwenye sanduku.

Kwetu bwana harusi analeta sanduku, na ndani yake kanga, viatu, na vyote vya kujipambia. Wakati ule watu wengi walikuwa wamelegeza. Walileta kanga mbili na kipande cha sabuni, na mambo yakaenda. Mama hakulegeza.

"Nimepamba mabinti wa mji huu mpaka vidole vimenipinda," alisema. "Nimewapaka nazi kutoka kwenye chupa za mafuta yaliyokwisha. Wangu mwenyewe hatatoka hivyo. Nataka sanduku lenye vitu vyake. Vyenyewe."

"Mama, mie sivihitaji," dada alimwambia. "Nishaviona vya kutosha."

"Umeviona kwenye ukuta. Nataka uvishike."

Fundi alizunguka Tanga nzima, akaenda mpaka Moshi, akarudi mikono mitupu. Alasiri moja alikuja kukaa barazani petu. Mimi niliwekwa katikati yao, kama desturi, na kazi ya kuchambua mchele.

"Nitajie basi," alimwambia dada. "Zile unazoziona kwenye picha. Nitajie zote, nikazitafute Mombasa."

Dada hakutaka. Alisema Mombasa ni mbali na njia za mpakani zina msako. Mtu akikamatwa na katoni ya sabuni anaitwa mlanguzi. Fundi akasema kazi ya sinema nayo inakwisha, picha mpya haziji, mwenye sinema anamlipa kwa ahadi. Ataenda, atafanya vibarua kidogo, atarudi na sanduku. Alisema kwa uchangamfu. Basi dada akamtajia. Alitaja taratibu, kopo moja moja, rangi na mfuniko na harufu, na fundi akawa anarudia nyuma yake kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Aliondoka. Kabla ya Ramadhani kwisha lilifika sanduku. Lililetwa na bibi mmoja mchuuzi aliyekuwa akienda na kurudi mpakani. Alisema lilipita Horohoro chini ya magunia matupu ya machungwa na moyo wake ukiwa mdomoni. Mama alitandika mkeka ukumbini akalifungua mbele ya majirani. Poda ya kopo jekundu. Krimu. Chupa za kijani. Shampuu ya asali, nzito, imejaa mpaka shingoni. Sabuni za kuogea zilizofungwa karatasi. Vitu ambavyo hatukuwa tumevigusa kwa miaka. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja akaanza kulia, akaomba anuse tu.

Dada alichukua sabuni moja, akainusa, akairudisha ndani.

"Na mwenyewe?" alimwuliza yule bibi.

"Mwenyewe anakuja mfungo mosi, mwanangu. Kapata kazi kwenye duka la hivi hivi vipodozi. Anamalizia."

Baada ya Idi mama akamweka dada ndani, kama mwali anavyowekwa. Kila alasiri alimsinga. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika bakuli la singo. Dada alikaa juu ya kibao, mgongo wazi, na mama alimsugua huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwao, na chumba kikajaa karafuu mpaka nguo zangu za shule zikanukia, walimu wakaniuliza nani anaolewa kwetu. Mfungo mosi ukaenda. Mama akasema njia zimekuwa mbaya. Ukaingia mfungo pili. Singo ikapungua bakulini, mama akatwanga nyingine, na mwisho karafuu alizoletewa zikamwishia, akawa anamsugua dada kwa liwa tupu. Haimbi tena.

Aliyekuja ni mama yake fundi, kutoka Pongwe, kwa miguu nusu ya njia. Alikataa kiti. Alikaa chini, karibu na mlango.

"Shoga yangu, sina uso," alisema. "Mwanangu ameoa huko. Binti wa mwenye duka."

Mama alisogea akakaa chini mbele yake. Kisha akauliza, "Alizuiwa?"

"Sijui. Nimeletewa salamu tu. Nimeambiwa niseme sanduku libaki."

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Dada alitoka, hina ya mikononi bado haijabanduliwa, imeanza kupasuka. Alipiga magoti mbele ya yule mama. "Shikamoo, mama," alisema. Akaenda jikoni akamletea maji ya kunywa, akiishika glasi kwa ncha za vidole ili asiichafue.

Tangu siku ile mama alikuwa na neno moja. Alilisema akipepeta mchele, alilisema akitoka kuswali. "Ulimi wangu huu. Ningekubali kanga mbili, mwanangu angekuwa kwake." Dada alimjibu, "Si wewe, mama," kila mara, kwa upole, lakini mama hakusikia. Alidhani anasitiriwa.

Sanduku tulijaribu kulirudisha Pongwe, likarudishwa tena. Lilikaa chini ya kitanda. Kisha akatokea jirani anamwoza binti yake na hana hata poda, na dada akalivuta sanduku, akafungua kopo jekundu, akampamba. Akaja mwingine. Hivyo ndivyo vilivyotumika vile vitu: kidogo kidogo, kwenye nyuso za watoto wa wenzetu. Kwa kipindi fulani ilisemwa Nguvumali kuna maharusi wanaonukia kama zamani. Yeye mwenyewe hakujipaka hata tone. Waliomposa baadaye walikuwepo, na aliwakataa kwa adabu mpaka wakaacha kuja. Na sinema hakuenda tena. Mimi nilikwenda na wenzangu mara mbili tatu, nikakuta yule bibi mnene wa nyuma ananiuliza, "Dada yako yuko wapi? Leo nani atatuambia?" Nikaacha na mimi.

Mambo yalifunguliwa nikiwa chuo cha ualimu. Nilirudi likizo nikakuta mitumba imetandikwa barabarani, na madukani sabuni za rangi zote zimepangwa hadi nje, na hakuna foleni. Watu walikuwa hawana pesa lakini vitu vilikuwepo. Ilikuwa dhiki ya namna nyingine. Vikaja vibanda vya video. Wasichana waliangalia picha huko kisha wanamjia dada barazani, maana sasa alikuwa akisuka na kutia dawa nywele, wanamwambia, "Anti, nataka ziwe laini kama za yule wa jana." Aliwatia dawa, aliwaosha, hakuwauliza yule wa jana ni nani. Mimi niliolewa na mwalimu mwenzangu, tukapanga Usagara. Mama hakutaka sanduku. Alimwambia mume wangu, "Lete kanga na Msahafu. Ukileta kingine nitakifungia nje."

Mama alipata kiharusi miaka michache baadaye, asubuhi, akiwa anafagia uwanja. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Dada ndiye aliyemuuguza, nami nilikuwa nikienda kila nilipotoka kazini. Maneno machache yaliyombakia yalikuwa yale yale. Ulimi wangu. Ulimi wangu. Sasa ulimi wenyewe ulikuwa mzito, na alikuwa akiutoa kwa vidole vya mkono mzima kutuonyesha. Ilitisha kuona.

Siku moja mgongo wake ulianza kuchubuka kwa kulala, na dada akaja kwangu Usagara twende tukanunue poda. Karibu na nyumbani kwangu lilikuwa limefunguliwa duka jipya la vipodozi. Nilikuwa nimelipita tu, sikuwa nimeingia. Lilikuwa na rafu mpaka darini, na ukutani picha za wachezaji wa sinema wenye nywele za kung'aa. Msichana aliyekuwa akiuza aliita nyuma, "Bosi, poda ya mgonjwa ipo?" Akatoka mwanamume na katoni mikononi. Nywele za juu ya masikio zilikuwa na mvi, na tumbo lilikuwa limekuja. Nilimtambua kwa namna alivyoinamisha macho.

Aliweka katoni chini.

"Wewe," alisema.

"Ni mimi," dada alijibu. "Salamu alaikum."

Aliitika. Kisha akaanza kusema haraka haraka, kwamba mkwewe amefariki, kwamba wamehamishia biashara huku kwa kuwa sasa njia ni wazi, kwamba ana watoto watatu, kwamba kila mwaka alitaka kuja. "Chukua unachotaka," alisema, akaonyesha rafu kwa mkono. "Chochote. Vyote vipo. Na ni vyenyewe, mimi siuzi bandia."

Dada aliziangalia rafu. Niliona macho yake yakipita, yakisimama, yakipita. Kopo jekundu lilikuwepo. Chupa ya kijani ilikuwepo, safu nzima.

"Nataka poda isiyo na manukato makali," alisema. "Mama analala, ngozi imechubuka."

"Mama anaumwa?"

"Kiharusi."

"Nitukane," alisema ghafla, msichana wa duka anasikia. "Nimengoja miaka yote unitukane."

"Nikikutukana nitapata nini?" Dada alifungua kopo la poda, akainusa, akalifunga. "Una jambo moja la kunifanyia. Njoo nyumbani umwambie mama kwamba si yeye aliyekuzuia kurudi. Amelala na neno hilo tangu ulipoondoka. Nikimwambia mimi haamini. Wewe atakuamini."

Alikuja Ijumaa, ametoka msikitini, amevaa kanzu. Tulimwinua mama tukamwegemeza kwenye mito. Nilidhani hatamtambua, lakini alimtambua mara moja, na mkono wake mzima ukaanza kutafuta kitu juu ya shuka.

"Shikamoo, mama."

"Nilikutaka… kingi," mama alisema. Alilirudia kwa taabu. "Kingi."

"Hukunitaka kingi, mama." Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Sanduku lilijaa upesi. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimeshapata kila kitu. Njia ilikuwa wazi, na nauli nilikuwa nayo. Nilibaki kwa kuwa nilipapenda kule. Maduka yana taa, vitu vimejaa, watu wamevaa. Nilijiona kama nimeingia ndani ya picha. Nikasema nitakaa kidogo. Halafu nikaona haya kurudi. Si wewe, mama. Hata ungesema kanga moja."

Mama alimtazama. Uso wake uliopinda ulikuwa mgumu kusoma siku hizo, lakini nililiona lile neno likiingia.

"Basi… ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

Mama aliachia pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na machozi yakateremka upande mmoja. Kisha, kwa sababu alikuwa mama yetu na mgeni ni mgeni, alisema, "Mpeni… chai."

Nilitoka kwenda kuitengeneza chai. Nilimkuta dada uani, ameketi kwenye ngazi ya jikoni. Nilidhani amekuja kuwasha jiko. Alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yake yanapanda na kushuka. Sikuwa nimemwona akilia, hata siku ile mama yake fundi alipokuja. Nilikaa karibu naye.

"Wiki ya kwanza tu," alisema. "Umesikia? Miaka yote mimi nilidhani alihangaika. Nilidhani alikamatwa, akafungwa, akaoa kwa kushindwa kurudi. Nilimwombea."

Aliyekuja kumpunguzia mama mzigo ndiye aliyemwachia yeye mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwita. Baada ya muda alijifuta, akawasha jiko, akaipeleka chai kwa mkono wake.

Mama hakulisema tena lile neno. Wiki zake za mwisho zilikuwa za utulivu. Alikuwa akimwomba dada amchane nywele, nywele nyeupe nyepesi zilizobaki, na akilala katikati ya kuchanwa. Alikufa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Fundi alikuja mazikoni na kubeba jeneza pamoja na wengine. Mkewe alikuja matangani siku zote, mwanamke mpole, akakaa jikoni akimenya viazi, na dada akamkaribisha bila kumbagua. Sijui yule mwanamke alijua nini.

Baada ya arobaini fundi alimtuma mjomba wake, aliyekuwa mzee sana sasa, kuja kuulizia kama dada atakubali kuwa mke wa pili. Mzee alijieleza vizuri. Alisema kijana anataka kurekebisha. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Mwambie yule niliyekuwa namngoja hayupo. Sina wa kuolewa naye."

Nyumba ya Nguvumali tuliipangisha. Nilimwomba dada aje kukaa kwangu, akakaa mwezi, kisha akasema anataka kwenda Pemba kuwaona jamaa za mama. Alikwenda kuwaona akabaki. Alikuwepo mama mdogo huko, dada yake mama, mkongwe asiye na mtoto, na dada akahamia kwake, akamlimia na kumpikia.

Nilikwenda kumtembelea mara moja shule zilipofungwa. Mpunga ulikuwa unaanza kuiva bondeni, na kazi yake siku hizo ilikuwa kuamia, kuwafukuza ndege wasiule. Alinichukua asubuhi tukapanda juu ya dungu, jukwaa la miti lililoezekwa makuti, ambapo mlinzi anaona konde lote. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi kwa jua. Nywele alikuwa amezisuka mistari miwili tu, ya mtu asiye na wa kumsuka.

"Rudi nyumbani, Dada," nilimwambia.

"Kwa nani?"

"Kwangu. Watoto wanakuulizia."

Alinishika goti, akatabasamu kidogo. "Kwako nitakuwa mgeni mzuri. Huku mimi si mgeni, si mwenyeji. Hivyo naweza kuishi. Mama mdogo ana sauti ya mama, hujaisikia akiita? Mie hujibu kabla sijakumbuka."

Ndege walikuwa wameshuka upande wa mbali wa konde, kundi zima, mashuke yanainama kwa uzito wao. Dada alisimama, akapiga ukelele. Sauti ilimkatika katikati. Akaokota bonge la udongo, akalitia kwenye kombeo, akalizungusha na kulirusha mbali. Na wakaruka, wakazunguka mara moja juu yetu, wakashuka tena pale pale.